Nimerudi Urambo, nimekuta kaunta buku la baba mdogo

Jamani nimefika nyumbani, hii wiki ya pili, miaka 14 ya Minnesota, Marekani, si mchezo, na kitu kilichonishtua usiku wa kwanza ni taa. Saa sita usiku bado zinawaka! Wa rika langu mtanielewa, sisi tumekulia umeme wa ushirika, ule ulioanza 1994, jenereta la dizeli linanguruma masaa manne hivi jioni likizimwa basi, hujamaliza homuweki rudi kwenye koroboi.

Baba mdogo ndo alikuwa meneja. Ofisi meza moja, kaunta buku, na kijiti alichokitia alama kwa kisu, kila asubuhi kabla ya chai anakizamisha kwenye pipa la dizeli, anakifuta na kidole, anajua leo tunawasha au hatuwashi, maana mafuta mpaka yatoke Tabora, kilometa 90 hivi, na masika barabara ile mnaijua.

Kazi ngumu ilikuwa kumkatia umeme asiyelipa. Wenye mali ni wanachama wenyewe, kwa hiyo anayemkatia ndo bosi wake, bei iko juu kuliko mjini sababu ya dizeli, na hela ya mkulima inaonekana tumbaku ikishauzwa. Niliwahi kumshikia ngazi akimkatia jirani yetu, mzee wa heshima kabisa. Akashuka, akamwambia "shikamoo kaka, ukilipa hata usiku nakuja kurudisha". Mzee akaitika marahaba, akamkaribisha uji. Akakaa akanywa. Mimi mpaka leo sijui angeweza nani mwingine.

Kule Minnesota kijijini nako umeme ni wa ushirika, bili inakuja imeandikwa mwanachama, bodi mnaichagua kwa kura, wakulima walianzisha vyama vile miaka ya 1930 baada ya makampuni kuona mashamba yako mbali hayalipi. Meneja wao ana magari ya kumnyanyua fundi mpaka juu ya nguzo, ila kila bili ikija nilikuwa namuona baba mdogo na kijiti chake.

Kijiti kipo! Mama mdogo anafungia banda la kuku, nimekiomba kanikatalia. Kaunta buku ndo mchwa wameanza kulila pembeni, nimeshapiga picha kurasa 60, majina yote yanasomeka, nani kalipa nani bado. Mwenye risiti za ushirika kwao asizichome, anitafute.