Barua chini ya dele

Juzi usiku nimepata voisi ya yule mtoto wa kaka yangu, yuko Maskati huko anafundisha kemia, anaongea mbio mbio na anacheka, "Shangazi nimehama shule! Mkataba umeisha, hawa wapya wameniombea viza, Jumapili naanza!" Nikamwandikia, hongera mwanangu, na NOC je, wamekupa bila shida? Kimya kidogo. Halafu ikaja: "NOC ndo nini shangazi?"

Nikabaki nimekaa kitandani na simu mkononi.

Na kweli atajuaje, ilifutwa 1 Januari 2021, yeye kaenda baada ya hapo. Siku hizi mkataba ukishaisha, mwajiri mpya akiwa na kibali cha kukuchukua na Wizara ya Elimu ikakubali vyeti vyako, unahama. Sisi wa kabla tulikuwa na ile karatasi, barua ya kafili wako, yaani mwajiri aliyekudhamini viza, kwamba hana pingamizi wewe kwenda kwa mwingine, na usipoipata viza inakatwa unarudi kwenu na hukanyagi tena Omani kwa kazi mpaka miaka miwili ipite. Haijalishi umemaliza mkataba wako vizuri. Karatasi moja, sahihi moja, mhuri mmoja.

Yangu ilikuwa 2017. Mnaonijua mnajua niliondoka vipi Tanga na nani nilimwacha kwa mama, hiyo sirudii. Mkataba wa miaka miwili ulikuwa unaisha mwezi wa sita na shule moja ya Sohar ilinitaka, hisabati, riali 600, na pale Sib nilipokuwa nafundisha nilikuwa napata 380. Riali moja wakati ule ilikuwa zaidi ya shilingi 5,500 ya kwetu, pigeni wenyewe hiyo hesabu, mimi niliipiga usiku mzima, ada, bati za nyumba ya mama, kila kitu kilikuwa kinaenea. Mandubu wetu, yule Mhindi wa Kerala aliyekuwa anatuhangaikia makaratasi yote ya viza na bataka (kile kitambulisho cha mkazi), akaniandikia barua kwa Kiarabu kabisa, akaniambia mwalimu peleka mwenyewe kwa mama, wewe anakupenda, akitia sahihi tu mimi kesho asubuhi niko Wizara ya Nguvukazi.

Mama huyo si mama yangu wa Tanga, ndio mwenye shule. Alizaliwa Unguja, wakatoka 1964 yeye bado mtoto, na Kiswahili chake kilikuwa kitamu kuliko changu. Miaka miwili ile sikuwahi kuita pale ugenini kwa sababu yake, kila asubuhi akinipita korido ni "umeamkaje mwanangu", nikiumwa analetwa mtu na uji wa pilipili manga.

Nikaingia ofisini saa nane mchana, watoto wameshaondoka, AC inavuma, udi umefukizwa. "Kaa kitako mwanangu." Nikakaa. Nikampa barua. Akavaa miwani akasoma taratibu, kidole kinafuata mstari kutoka kulia, akifika mwisho karudi juu tena. Halafu hakusema kitu, akanimiminia kahawa, dele, lile birika la kahawa, mkono wa kushoto na kikombe mkono wa kulia, akanisogezea tende.

Sasa kule kikombe cha kahawa ukimaliza unakitikisa, ndio kusema inatosha, usipotikisa unamiminiwa tena. Mimi nilikuwa najua hilo tangu wiki ya kwanza. Nikanywa cha kwanza, sikutikisa. Cha pili sikutikisa. Iliki imenikaba kooni na moyo unakwenda mbio ila nilikuwa naona kikombe nikikitikisa tu maongezi yameisha na barua bado haijasainiwa, kwa hiyo nanyoosha mkono, anamimina, nanyoosha mkono, anamimina. Alivyokuwa anamimina cha tatu akalishusha lile dele juu ya barua. Sidhani kama aliangalia. Meza ilikuwa imejaa madaftari na barua ndiyo ilikuwa karibu.

Akasema, "Mwanangu, wewe ungekuwa hufai ningekupa leo leo."

Nikamwambia mama mkataba naumaliza, sijakosa hata siku moja. Akasema anajua. Akasema viza kalipa yeye, tiketi kalipa yeye, vyeti vyangu kavihangaikia yeye miezi minne mpaka vikakubaliwa, "na ukenda Sohar wewe, na wenzio watatu wakakufata, mie hawa watoto nawasomesha na nani? Kaa. Nakuongeza riali thelathini." Nikasema mama mimi nina mtoto. Akanitazama muda, macho yake yakalowa, wallahi yalilowa, akasema, "Najua mwanangu. Mie siwezi."

Cha tano nikakitikisa.

Sikukaa. Labda ilikuwa hasira, labda nilishindwa kuona nitamwamkia vipi kila siku korido ile. Viza ikakatwa, mwezi wa saba mandubu akanipeleka airport ile ya zamani, akanikabidhi pasipoti yangu ambayo ilikuwa kabatini kwao tangu siku niliyofika (haikuwa halali mwajiri kushika pasipoti ya mtu, ila sote tuliona ndio kawaida), akaniombea dua kwa lugha yake akaondoka. Nimeifungua nikiwa kwenye foleni ya uhamiaji na ile barua ilikuwa ndani, imekunjwa mara mbili, mahali pa sahihi peupe. Sijui ni mandubu aliyeiweka au ni yeye mama.

Sohar hawakuningojea, na wangeningojaje miaka miwili. Ilipoisha 2019 nafasi ilishapata mtu, mwaka uliofuata ikaja corona, na mimi nilishakuwa na shule hapa na mtoto kashazoea kuniona.

Nimeambiwa mara nyingi nisiseme alikuwa mwema. Dada yangu mpaka leo akimtaja anatema mate. Na mimi kuna siku nasema angenikatalia mtu asiyejua lugha yangu ningejifariji kwamba hatukuelewana, ila tulielewana kila neno. Kuna siku nyingine naona sheria ndiyo iliyompa kalamu aishike yeye peke yake, na mwenye shule yeyote aliyepewa ile kalamu angefanya hesabu zile zile. Uji wake wa pilipili manga niliunywa. Hivi viwili nimeshindwa kuviweka pamoja, miaka yote hii.

Basi nikaamka, nikafungua begi la vyeti, nikaipata. Nikaipiga picha chini ya taa nikamtumia, ndio hiyo NOC mwanangu, ndio tuliyokuwa tunaiomba.

Akaikuza akaisoma, yeye Kiarabu anakijua sasa. Akaandika: "Shangazi hapa chini mbona kuna duara la kahawia, ni mhuri?"

Nikamjibu, hapana, ni kahawa.