Albamu ya Kujifundisha: Sauti Uingereza, Ngoma Tanga

Mtanga aliyeko Uingereza akiamua kutoa albamu yake bila lebo, kitu cha kwanza anachonunua ni maiki, tena ya bei mbaya. Maiki ingeweza kungoja. Albamu nyingi za wenzetu huku hukwama kwa sababu ngoma iliyorekodiwa Ngamiani, Tanga, na sauti iliyoimbwa chumbani Leeds zikiwekwa pamoja hazikai, na aliyejifundisha peke yake hajui ashike wapi. Ndiyo maana naanza na umbali wenyewe.

Kabla hamjarekodi chochote, kubaliana na prodyuza wa Tanga mambo matatu: sampuli 48,000 kwa sekunde (mara ambazo kompyuta inapima sauti), kina cha biti 24 (usahihi wa kila kipimo), na mafaili ya WAV, yasiyobanwa. Yaandikeni, msiyaache mdomoni. Studio nyingi zimezoea 44,100, na faili la 44,100 likifunguliwa kwenye mradi wa 48,000 bila kubadilishwa, wimbo wa dakika 4 unakwisha kwa dakika 3 na sekunde 40, na sauti inapanda karibu nusutoni moja na nusu (nusutoni ni hatua ya kinanda kutoka kibonye hadi jirani yake). Mtu mzima anaimba kama mtoto. Ukisikia dalili hiyo usimlaumu mwimbaji wala usianze kuuvuta wimbo kwa mkono. Badilisha sampuli za faili ziwe 48,000, basi.

Kosa jingine ni MP3. Faili la MP3 mara nyingi hujiongezea ukimya mfupi mwanzoni, milisekunde 25 hadi 50 hivi. Kwa anayesikiliza wimbo mzima hazina neno. Kwa chapuo, ile ngoma ndogo, inayotakiwa kukaa juu ya besi ni nyingi mno: mdundo unalegea na hakuna anayeweza kusema kwa nini. Kila faili lianzie sifuri ya wimbo, hata kama ngoma inaingia dakika ya pili, na mwanzoni kabisa kuwe na mlio mmoja mfupi ulio sawa kwa wote. Ukifungua mradi huku, unapanga milio hiyo katika mstari mmoja na kazi imekaa.

WhatsApp hubana sauti ukiituma kama sauti. Itume kama dokumenti, faili liende lilivyo, na nafasi ipo hadi GB 2. Hesabu ya bando ni hii: chaneli moja ya mono inakula karibu MB 8.6 kwa dakika, kwa hiyo ngoma ya chaneli 3 katika wimbo wa dakika 4 ni kama MB 104, na wakirudia mara tano ni zaidi ya nusu GB. Ukigeuza kuwa FLAC uzito unapungua sana na sauti haipotezi kitu. Mtumie mwenzako hela ya bando kabla hujamwomba faili. Yeye ndiye anayehangaika na mtandao, na si haki alipie albamu yako.

Kwa anayeanza bila kusomea muziki, mwalimu mzuri ni wimbo mmoja wa zamani wa taarab ya Tanga, wa Black Star au wa Lucky Star. Zile klabu ziliingiza magitaa mahali ambapo Unguja walishika fidla na ganuni, na kwa sikio la mtu wa pop mpangilio wake unafuatika. Kaa nao wiki mbili. Hesabu baa (mafungu ya mapigo) za ubeti, baa za kiitikio, baa ambazo gitaa linamjibu mwimbaji. Andika besi inanyamaza wapi. Kisha ujenge upya kwa ala za kompyuta, baa kwa baa. Ni wa kujifunzia tu, usiutoe. Programu ya kutengenezea muziki isikusumbue: FL Studio ndiyo utakayoikuta kwa maprodyuza wengi nyumbani, lakini jua kwamba toleo lake la majaribio huhifadhi mradi na halitaufungua tena mpaka ununue. Reaper inakupa siku 60 za majaribio bila kufungiwa kitu.

Sasa ngoma, ambayo ndiyo yenye shughuli. Mchana wa Tanga una kunguru, bodaboda na adhana. Ikifika saa 3 usiku, watu wametoka Isha na mtaa umetulia, nayo kwetu Uingereza ni saa 12 jioni wakati wa baridi na saa 1 usiku wakati wa kiangazi, kwa hiyo unaweza kuwapo kwa simu na kusikiliza. Tatizo ni kwamba usiku huohuo unyevu wa bahari unaingia na ngozi inalegea. Vumi, ngoma yenye mlio mzito, linashuka, chapuo inapoteza lile kofi lake. Mwenye ngoma anajua dawa, maana ngoma za pwani zimeoteshwa moto tangu zamani: jiko la mkaa liwe uani, ngozi ikae mbali kiasi cha mkono kustahimili, igeuzwe, igongwe, isikilizwe. Mgeni wa kurekodi anakosea pale anapodhani inatosha mara moja. Baada ya dakika 20 hivi ngozi imeanza kurudi.

Kwa hiyo rekodi pigo moja moja la kila ngoma ikiwa imeiva, ulihifadhi kama pigo la kumbukumbu, na kabla ya kila mzunguko mpya wa kurekodi lichezwe na ngoma igongwe, zilinganishwe. Ikiwa imeshuka, irudi motoni. Mkiacha kufanya hivyo, ubeti wa mzunguko wa kwanza hauwezi kuungana na kiitikio cha mzunguko wa nne. Kiungo kitasikika hata kwa asiyejua muziki, kama kanzu iliyotiwa kiraka cha kitambaa kingine.

Chumba kiwe sebule yenye makochi. Kuta za saruji na sakafu ya vigae hurudisha sauti kwa ukali, na mkeka peke yake hausaidii kwa kuwa ni mwembamba. Magodoro mawili ya sufi yasimamishwe ukutani nyuma ya mpigaji na mbele yake. Feni izimwe, friji izimwe, na funguo za nyumba ziwekwe ndani ya friji ili mtu asiondoke akaacha samaki waoze. Maiki tatu zinatosha, zote za dainamiki, kwa sababu hazisumbuliwi sana na unyevu kama za kondensa: moja sentimita 15 hadi 20 kutoka ukingo wa ngozi ya msondo (ngoma ndefu) au chapuo, moja kwa vumi, ya tatu mita moja na nusu mbali ikisikia wote. Ukizifungua pamoja na vumi likakonda, wimbi la maiki moja linapingana na jingine. Geuza wimbi la maiki ya mbali kwenye programu na sauti nene inarudi. Epukeni masika, Machi hadi Mei: mvua juu ya bati haina kichujio.

Metronomu ndiyo inayoua ngoma nyingi za namna hii. Midundo mingi ya pwani ina mapigo manne, na kila pigo lina vipande vitatu. Ukiweka metronomu igawe kila pigo mara mbili au nne, kama kompyuta ilivyozoea, inagonga katikati ya vipande, na mpigaji mwenye miaka 30 ya kazi anaonekana hajui. Weka mlio kwenye yale mapigo manne tu, tena badala ya mlio tumia kayamba au makofi, kwa sababu sikio lake limezoea kumfuata mtu. Kuna njia bora zaidi: waache wapige bila metronomu huku mwimbaji akiimba chini kwa chini, halafu wewe uifuate ngoma kwa kuweka alama za baa kwenye programu, moja moja. Wimbo wa dakika 4 unakutaka jioni nzima. Lipa hiyo jioni, kwa sababu mdundo unaopumua haupatikani kwa njia nyingine.

Ukitaka ilimba (ala ya vyuma vinavyopigwa kwa vidole gumba) au zeze, angalia Bagamoyo. Hizo ni ala za Wagogo wa Dodoma, lakini marehemu Hukwe Zawose, mwanamuziki wa Kigogo, aliishi Bagamoyo na jamaa zake wamezishika, na TaSUBa, ambayo ilianza mwaka 1981 kama Chuo cha Sanaa, inafundisha muziki wa asili palepale. Jihadhari na kitu kimoja: ilimba haifuati piano. Baadhi ya noti zake zinafuata mlio wa asili, na noti ya saba ya asili iko chini ya ile ya kinanda kwa senti 31 hivi, karibu theluthi ya nusutoni. Ukiwasha kirekebisha sauti unaiua. Mwombe mpigaji akurekodie kila chuma peke yake, uzipime, kisha ushushe au upandishe noti za kinanda chako zimfuate yeye.

Sauti yako huku haihitaji mengi. Maiki ya Shure SM58 halisi na kadi ya sauti yenye milango miwili vinakamilisha albamu (za bandia ni nyingi, kwa hiyo nunua dukani panapoeleweka). Simama umelipa mgongo kabati lililojaa nguo au pazia la duveti mbili, kwa sababu maiki inasikia kilicho nyuma yako. Usikae kwenye kona, besi inajaa. Rekodi kilele kikiwa karibu desibeli -12 na usiogope kwamba mstari unaonekana mdogo, biti 24 zina nafasi. Bafa, yaani akiba ya sauti ambayo kompyuta inaishika kabla ya kuitoa, iwe sampuli 128 unapoimba, ambayo ni chini ya milisekunde 3. Ukichanganya, ipandishe 1,024 kompyuta ipumue. Imba kabla ya saa 5 usiku: kuanzia hapo hadi saa 1 asubuhi halmashauri zina mamlaka zaidi juu ya kelele, na kuta za nyumba za huku ni nyembamba.

Kiswahili cha Tanga kina jambo ambalo video za mafunzo hazitakwambia. P yetu yenye pumzi, ile inayomtofautisha paka wa nyumbani na kupaka rangi, au paa wa porini na paa la nyumba, inapiga maiki kama ngumi. Ukiiondoa unapoteza lafudhi yenyewe. Usibadilishe matamshi. Kaa sentimita 15, geuza maiki pembeni kidogo ielekee kona ya mdomo, na uweke soksi ndefu ya kike iliyovutwa juu ya waya wa mviringo katikati.

Makubaliano yaandikwe siku ya kwanza, ukurasa mmoja kwa kila wimbo: nani katunga maneno, nani katunga muziki, asilimia ngapi, mpigaji kalipwa shilingi ngapi na kama ana mgawo. Nyumbani kazi inasajiliwa COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania. Huku mtunzi anajiunga na PRS, wanaokusanya mirabaha ya utunzi, na mwimbaji na mwenye rekodi wanajiunga na PPL, wanaokusanya ya rekodi, ambao ndio wanaotoa namba za ISRC za kuitambulisha kila rekodi. Usisajili haki ileile mahali pawili. Ukichukua wimbo wa jadi, wa mdumange kwa mfano, usijiandike mtunzi, kwa kuwa sheria ya hakimiliki ya Tanzania ya 1999 inalinda sanaa za jadi pia. Andika kwamba ni wa jadi, wewe mpangaji.

Mwenye viza ya mwanafunzi asome hapa mara mbili: viza hiyo inakataza kujiajiri na inakataza kazi ya burudani. Mwone mshauri wa wanafunzi wa kimataifa chuoni kabla hujapokea hata pauni moja. Kwa wenye ruhusa, pauni 1,000 za kwanza za biashara ndogo katika mwaka wa kodi hazitozwi. Na msambazaji, yaani kampuni inayopeleka nyimbo zako Spotify na kwingineko, akikuletea fomu W-8BEN ya kodi ya Marekani, ijaze. Mkazi wa Uingereza anasamehewa kwa mkataba kodi ya mrabaha unaotoka Marekani, lakini Tanzania haina mkataba huo, kwa hiyo mwenzako akilipwa moja kwa moja Tanga anakatwa asilimia 30 ya mapato ya Marekani. Mjadili hilo wakati wa kugawa asilimia, kabla hesabu haijaja.

Kuchanganya nasema kwa ufupi. Anza na sauti na vumi, vingine vifuate. Simu ndogo hazitoi besi ya chini, kwa hiyo mpe vumi ukwaruzo kidogo lisikike hata pale. Masta, yaani nakala ya mwisho, isizidi desibeli -1 kwenye kilele, na kwa Spotify wastani wa LUFS -14 (kipimo cha ukubwa wa sauti kwa sikio) ndio wanaousawazishia. Kisha mtumie mtu wa Makorora, Tanga, mwenye bajaji aucheze barabarani na injini ikiwaka. Maneno yakipotea, pandisha sauti kidogo, kama desibeli moja na nusu kati ya hezi 2,000 na 4,000. Kazi yote hii tumeifanya kwa ajili ya maneno.

Spotify inahesabu albamu kuanzia nyimbo 7, au zaidi ya dakika 30, na wimbo usiofikisha mara 1,000 kwa miezi 12 haulipwi, kwa hiyo nyimbo 8 zilizoiva ni bora kuliko 14. Peleka kwa msambazaji wiki nne kabla. Tarehe isiangukie Ramadhani. Baada ya Idi harusi zinafunguka na Tanga inataka nyimbo mpya, na wenye shughuli watakuomba mdundo mtupu ili mtu aimbie majina ya maharusi. Utoe siku ileile ya masta, pamoja na kila chaneli kama WAV kwenye diski mbili, moja ibaki huku na moja Tanga, maana mwaka ukipita programu zitakuwa zimebadilika na mradi unaweza ukakataa kufunguka.