Vioo vinne, waya mmoja na mawese ya shemeji

Vioo vyote vinne vya gari vikigoma kwa pamoja, halafu fundi akakuambia mota imekufa, mnunulie soda, mshukuru, ondoka. Mota, zile zinazopandisha na kushusha kioo, ziko nne, kila mlango na yake. Hazikukaa kikao zikakubaliana kufa siku moja. Mimi nauza dagaa, sijasomea magari, lakini hesabu hiyo haihitaji cheti cha VETA.

Gari langu ni Carina Ti, ile iliyozoeleka kwenye vituo vya teksi, na umri wake unatosha kuwa na kitambulisho cha taifa. Alfajiri linashuka Kibirizi kupakia, linapanda Mwanga, siku nyingine linakwenda hadi Ujiji. Vioo vya abiria viligoma vikiwa juu kabisa, changu kiligoma katikati. Kwa hiyo vumbi linaingia lakini harufu haitoki. Magunia ya dagaa kiti cha nyuma, vioo vimefungwa, jua la Oktoba la Kigoma. Aliyewahi kupakia anajua, ambaye hajawahi simtakii.

Wa kwanza kujitolea alikuwa shemeji, mume wa dada yangu. Mtu mwema, ila hajawahi kukutana na kitu ambacho hana dawa yake.

"Shem, hicho kioo kinabana tu. Kinataka mafuta."

"Mafuta gani?"

"Aa, shem! Mafuta si mafuta?"

Akaingia jikoni kwangu, akatoka na kidumu cha mawese. Mawese mazuri, niliyoyaweka kwa ajili ya mgebuka wa Jumapili. Akafungua mlango wa dereva wote, akachuchumaa, akachovya unyoya wa kuku na kuanza kupaka kwenye raba za kioo, juu, chini, pembeni, kwa utulivu wa mtu anayepaka rangi msikiti. Kisha akawasha swichi ya gari, akabonyeza kitufe. Kioo kikapanda! Akanigeukia bila kusema kitu, akafunga kidumu. Na mimi nikamshukuru, tena nikamfungia dagaa wa kwenda nao nyumbani.

Kikafanya kazi mpaka nilipofunga mlango nikaondoka. Kabla sijafika sokoni kilikuwa kimegoma tena, safari hii kikiwa chini.

Sasa, kila mtu wa Kigoma anajua tabia ya mawese: kukiwa na ubaridi yanaganda. Asubuhi kwenye chupa unayachokonoa na kijiko. Ndani ya mfereji wa kioo yaliganda vilevile, ila huko yalikuwa yamechanganyika na vumbi jekundu la wiki nzima. Ukawa ugali. Mchana jua likipiga, ugali unayeyuka na kutiririka upande wa ndani wa mlango. Nina kitenge cha kijani ambacho mkono wake wa kulia hautarudi kuwa kijani. Na kila aliyelaza mkono pale dirishani kunisalimia aliondoka na alama yangu. Kwa hiyo nakuomba, raba ya kioo usiitie mawese, usiitie mafuta ya injini, usiitie grisi. Kinachokamata vumbi hakifai pale. Poda ya mtoto inatosha, au ile spirei ya silikoni ukiipata.

Nikaenda kwa fundi. Akakaa ndani, akafunga mlango, akabonyeza, kimya. "Mama, hiyo ni mota. Tuma hela Dar, ije na basi, mtumba safi." Bei aliyotaja ilikuwa laki na kitu, bado nauli ya mzigo, bado ufundi. Nikamuuliza, na vile vitatu vingine? Akasema vitafuata vyenyewe, mota ya dereva ndiyo mama yao. Fyuzi alikuwa ameiangalia, nzima.

Nyumbani kwangu sola nilifunga mwenyewe, waya hazinitishi. Nikamwambia afungue kava la mlango. Hapo akafanya kitu kilichoniudhi kuliko bei: ile nailoni iliyobandikwa nyuma ya kava aliichana kama mtu anafungua zawadi. Nailoni ile ipo kwa sababu maji ya mvua huwa yanaingia ndani ya mlango kupitia pale kioo kinapozama, na yenyewe ndiyo inayoyaelekeza chini kwenye matundu yatoke. Ukiitupa, mvua za Novemba zikianza utakanyaga maji kwenye kapeti. Nimebandika nyingine kwa gundi.

Mota ilipoonekana, waya zangu hazikufika kwenye betri chini ya boneti. Palikuwa na kijana wa bodaboda anasubiri abiria. Nikamwomba betri yake. Akamtazama fundi, fundi akainua mabega, akafungua kiti akanitolea. Betri ndogo, lakini volti ni zilezile 12. Nikachomoa soketi ya mota, nikagusisha waya mbili: kioo kikapanda. Nikazigeuza, ya chanya ikaenda kwenye hasi: kikashuka. Mota ya kioo haina siri nyingine, ukigeuza chanya na hasi inageuza mwendo, na swichi ya mlangoni kazi yake ni kukugeuzia. Nikapandisha, nikashusha, nikapandisha tena, zaidi ya ilivyohitajika, maana watu walishajaa na fundi alikuwa anatafuta kitu kwenye simu yake. (Ukijaribu, vidole viwe mbali na kioo, na kikifika mwisho toa waya hapohapo.) Nikakiacha juu, nikarudisha soketi, nikaondoka na "mota iliyokufa".

Jibu lilikuja nikiwa nateremka nyumbani, mguu mmoja nje, mlango wazi. Mkono ukagusa kitufe, kioo kikateremka. Nikafunga mlango, kimya. Nikafungua, kinatembea. Nikabonyeza vya abiria: vyote vitatu vinacheza. Nikafunga: vyote vimekufa. Nilicheka peke yangu pale uani. Shemeji alipaka mawese mlango ukiwa wazi! Angepaka hata uji wa ulezi, kioo kingepanda. Na fundi yeye alijifungia ndani.

Mlango ukiamua kuwasha na kuzima umeme, usitafute kwenye mota wala kwenye swichi. Nenda kwenye bawaba, kwenye ule mpira mweusi uliokunjamana kati ya mlango na bodi. Waya zote za mlango zinapita humo, na mlango wa dereva ndio unaofunguliwa kuliko yote. Miaka na miaka ya kukunjwa na kukunjuliwa palepale.

Nikaazima testa, ile ya taa, kwa fundi redio jirani, nikapima mlango ukiwa umefungwa. Mguu mmoja kwenye waya wa moto unaoingia swichi kuu, mwingine kwenye bati la mlango: taa inawaka. Mguu wa pili nikauhamishia kwenye waya wa ethi wa swichi, yaani wa hasi unaorudisha umeme kwenye bodi, ule mweupe wenye mstari mweusi: giza. Kesi imeisha. Gari hili vioo vya abiria navyo vinapata ethi kupitia swichi kuu ya dereva, ndiyo maana waya mmoja ulizima vyote vinne.

Kuna jirani akashauri niufunge ule waya kwenye bolti yoyote ya mlangoni nimalize. Kwa taa ya testa inatosha, kwa mota hapana. Mlango umeshikwa na bawaba zenye grisi na kutu, si njia ya kupitisha moto mkubwa kila siku. Huyohuyo akaniletea kipande cha waya wa nyumba, ule wa shaba moja nene. Nikamrudishia. Waya wa kukunjwakunjwa lazima uwe wa nyuzi nyingi, laini, na unene usiwe chini ya ule wa mwanzo. Ule wa nyumba ungekatika upya kabla ya Pasaka.

Nikauvuta mpira ukatoka kwenye tundu lake. Kuujua waya uliokatika sikuhitaji kuchuna hata mmoja. Unaushika kwa vidole viwili, unavuta polepole. Wenye shaba nzima unakataa. Wa ethi ukanyooka kama tambi iliyochemshwa, ganda halina hata mkwaruzo, ndani shaba imekatika.

Kazi ikawa kupitisha waya mpya ndani ya mpira wenye mikunjo, uliojaa waya nyingine. Nilisukuma kwa mkono ukakwama kwenye kunjo la kwanza. Nikachukua spoki ya baiskeli, nikakunja ncha isitoboe, nikafunga waya kwenye mkia wake kwa uzi, kisha nikasugua vyote kwa sabuni ya gwanji iliyolowa kidogo. Vikateleza hadi upande wa pili kwa mkupuo mmoja. Gwanji, mnajua wenyewe, inatokana na mawese, kwa hiyo shemeji alikuwa karibu na jibu, alikosea hatua tu.

Maungio niliyaweka nje ya mpira, moja ndani ya mlango, moja upande wa bodi, fundi redio akanichomelea kwa risasi, nikazungushia tepu. Waya niliuachia ulegevu kidogo. Pamoja na soda za watazamaji na ya bodaboda, gharama yote haikufika elfu ishirini. Kusafisha ugali wa mawese kwenye mfereji, kwa mswaki na maji ya moto, kulinichosha kuliko waya.

Kioo cha nyuma kushoto bado kinapanda kwa kusuasua. Hicho kweli kinabana, raba yake imekauka, nimeipaka poda na imepata nafuu. Shemeji ameshakiulizia. Nimemwambia asikisogelee.