Umerudi Pemba, unataka kuandika visasili? Anzia kisimani

Karibuni nyumbani. Wanaorudi kutoka Muscat, London au Toronto siku hizi hawaji kuangalia wazee na kumalizia nyumba tu. Wengi wana mswada wa visasili, yaani visa vya asili vya mizimu na miujiza, kwenye kompyuta, na ndani ya mswada aghalabu yumo Popobawa, lile pepo linalosemwa huvamia watu usiku. Si vibaya. Lakini Popobawa huyo huwa na mbawa na ukelele, basi. Hana kijiji, hana mwezi, hana mwaka. Ukimbadilisha jina ukampeleka Brazili, hadithi haitikisiki. Basi hapo Pemba haimo.

Mtazame Mkama Ndume, mtawala wa zamani katika masimulizi ya Pemba. Gofu lake liko Pujini, kiasi cha kilomita 10 kusini mashariki ya Chake Chake, na wanaakiolojia wanaliweka katika karne ya 15. Husimuliwa kwamba alikuwa jeuri hata akiwabebesha watu mawe ya kuta huku wakijiburura kwa matako. Pale pale pana kisima. Husimuliwa kwamba wakeze wawili walikuwa hawapikiki chungu kimoja, akajenga ukuta katikati ya kisima: mmoja akichota kwa ndoo na kamba, mwenziwe akishuka ngazi. Ukiondoa kisima unabaki na mfalme katili, na hao wamejaa duniani. Ukikiacha, una wanawake wawili wanaosikiana bila kuonana, maji yao mamoja, na mwanamume aliyedhani ukuta unamaliza ugomvi. Huna haja ya kubuni zaidi. Nendeni mkasimame hapo kabla ya kuandika mstari wa kwanza, mpime kwa macho.

Kisasili hushikwa na vitu viwili: mahali na mwiko. Misali, kisiwa kidogo magharibi ya Pemba, inaonyesha hili vizuri kuliko pahala popote. Wavuvi husimulia kuwa Nabii Khidhri, ambaye wengine humwita Hadhara, alifika kisiwani akaomba msala wa kusalia. Hawakuwa nao. Akasema basi kisiwa chenyewe kitakuwa msala wake, kwa jinsi kilivyoelekea kibla. Mwaka 1998 Misali ikawa eneo la hifadhi, na baadaye mafunzo ya dini yakaingizwa katika mazungumzo na wavuvi juu ya kuhifadhi bahari na kuacha baruti. Hakuna aliyemtaka mvuvi aamini jambo jipya. Mahali palipokuwa na heshima yake paliongezewa sababu moja tu ya kuheshimiwa. Ndiyo maana huwa tunashangaa tukisikia kwamba visasili ni mambo ya kale; pale vinasaidia kulinda samaki.

Sasa Popobawa mwenyewe. Hofu kubwa ilizuka Pemba mwanzoni mwa 1995, wakati wa Ramadhani, kisha ikavuka hadi Unguja. Watu walilala nje kwa makundi, moto ukiwaka. Oktoba mwaka huo huo Zanzibar ilipiga kura katika uchaguzi wake wa kwanza tangu kurejeshwa kwa vyama vingi, na wapo waliozifunga habari hizo mbili pamoja. Mwandishi asikimbilie kusema moja lilisababisha jingine. Inatosha kuziweka katika nyumba moja na kumwachia msomaji. Kilicho muhimu zaidi kwa ufundi ni sharti lililoandamana na uvumi wenyewe: ilisemwa kuwa aliyevamiwa lazima awaambie wenzake, la sivyo atarudiwa. Yaani kisa kimebeba ndani yake amri ya kusimuliwa. Chombo hicho kina thamani kuliko mbawa zote, na ndicho kinachoachwa kwanza kwenye miswada.

Waandishi wetu wameshalijua hili. Muhammed Said Abdulla, katika *Mzimu wa Watu wa Kale* iliyotoka 1960 baada ya kushinda shindano la uandishi, aliweka maiti mzimuni, kisha akamtuma mpelelezi wake, Bwana Msa, na kiko chake atafute mkono wa binadamu. Mzimu hauchekwi pale. Unahitajika, kwa sababu hofu yake ndiyo inayomfaa muuaji. Abdulrazak Gurnah katika *Paradise* ya 1994, ambayo leo tunaisoma kwa Kiswahili kama *Peponi*, amefanya kinyume: kisa cha Nabii Yusuf kimeingizwa katika biashara ya misafara, hata shati la kijana linachanwa kwa nyuma. Anayeijua Sura ya Yusuf katika Kurani anashtuka. Asiyeijua anasoma mbele bila kukwama. Hicho ndicho kipimo kizuri. Ukilazimika kuweka maelezo chini ya ukurasa, kisasili hakijakaa.

Kuhusu kurekodi. Mwanzo ni kwa sheha, kiongozi wa shehia, yaani wa mtaa au kijiji. Na kama ni utafiti rasmi, kibali cha serikali kinatangulia. Simu inatosha, lakini iweke juu ya mkeka au kitambaa, si juu ya meza inayogongwa vikombe, na zima feni. Upepo wa barazani huharibu rekodi nyingi kuliko kitu chochote, ingieni ukumbini. Hifadhi faili la asili bila kulikata, na mwanzoni useme jina la msimulizi kama ameridhia, kijiji na tarehe. Saa moja ya sauti itakula saa tano au sita za kunakili, pengine zaidi, kwa hiyo usirekodi kumi halafu uondoke na ndege.

Usiseme, "Bibi, nipe hadithi ya jini." Utapewa jini la televisheni. Uliza, "Bibi, mlipokuwa wadogo mlikuwa mkikatazwa kwenda wapi?" Halafu, "Nani akikukatazeni?" Mwiko ukitajwa, kisa hufuata chenyewe. Wajukuu wakiwapo, au kijana mmoja akianza kusema huo ni ushirikina, mzee hufupisha. Rudi siku nyingine, muwe wawili.

Nyimbo zilizomo ndani ya ngano ziombe ziimbwe mara mbili, kwa sababu ndimo maneno ya zamani yanamoganda. Usimkatize katikati kuuliza maana. Andika ulivyosikia, Kipemba kwa Kipemba, Kimakunduchi kwa Kimakunduchi. Wengi hunyoosha kila kitu kuwa Kiswahili cha skuli, na wimbo unapoteza vina papo hapo.

Na msimulizi wa Pujini akikwambia la kisima kwa namna moja, wa kijiji cha pili akalipindua, usiyaunganishe matoleo hayo yawe moja safi. Andika yote mawili, kila moja na jina la mahali lilipotoka, halafu uamue riwaya yako inakaa upande gani wa ukuta.