Mkalimani wa Wageni

"Kijana, stelingi tumeshamwona. Sasa adui ni yupi?"

Aliyeuliza alikuwa amekaa nyuma kabisa, juu ya godoro jipya lililofungwa kwa kamba ya katani. Alikuwa abiria, anakwenda Uvinza, huko Kigoma, anasubiri treni ya usiku. Mimi nilikuwa nimesimama pembeni ya televisheni na fimbo mkononi, kama mwalimu mbele ya ubao.

Nikamjibu bila kusita: "Adui hayupo. Hawa ni wageni."

Ilikuwa Desemba 1992, Kilosa. Nilikuwa nimemaliza kidato cha pili, nimerudi likizo kutoka shule ya bweni. Mjomba wangu alikuwa amefungua kibanda cha video katika ghala la zamani la mkonge, hatua chache kutoka stesheni. Zanzibar walikuwa na televisheni yao tangu miaka ya 70, lakini kwetu bara vituo vilikuwa havijaanza, mpaka 1994. Ukiona televisheni ujue ni ya kuchezea kanda. Mjomba alikuwa na deki moja, jenereta moja, na kanda chache alizobeba kutoka Dar es Salaam. Picha za ngumi hazikumpa shida, maana ngumi haina lugha. Lakini hii ilikuwa na maneno mengi. Akaniita kando akaniambia, "Mjomba, wewe ndiye unayesoma Kiingereza. Leo utasimama mbele utueleze."

Nilijisikia mtu mzima usiku ule. Wazee walikuwa wamekaa kwenye mabenchi, akina mama wamekaa mkekani na watoto migongoni, na wote walikuwa wananingojea mimi nifungue mdomo.

Picha yenyewe ina jina la herufi moja tu, V. Wamarekani waliionyesha kwao mara ya kwanza Mei 1983. Inaanzia El Salvador, vitani, mpiga picha wa habari anakimbizwa na helikopta, na ghafla helikopta inageuza inaondoka. Yule bwana anainua macho. Juu ya milima kinakuja chombo kikubwa kiasi cha kufunika mji mzima, polepole. Vingine kama hicho, 50 kwa jumla, vinasimama juu ya miji mikubwa ya dunia. Watu wanafunga virago, wanakimbia. Kisha, New York, juu ya jengo la Umoja wa Mataifa, kinashuka chombo kidogo na anatoka kamanda wao. Ni mtu kama sisi. Amevaa nguo nyekundu, ana uso wa upole, na sauti yake ina mwangwi kana kwamba anasemea ndani ya mtungi.

Mwangwi ule ulinishinda. Na nje jenereta lilikuwa linanguruma. Nilichoshika ni kwamba sayari yao iko taabani, kwamba wanahitaji kemikali fulani ambayo viwanda vyetu vinaweza kuitengeneza, na kwamba tukiwasaidia watatugawia elimu yao kisha warudi kwao. Hayo niliyasema. Ila kamanda alikuwa bado anazungumza, na mimi nilikuwa siyapati tena maneno yake, na watu walikuwa wananitazama mdomoni. Nikaendelea. Nikasema wameleta dawa za magonjwa yote. Nikasema wanajua namna ya kushusha mvua. Kamanda hakutaja mvua hata mara moja. Sisi ndio tuliokuwa tunaitafuta mvua ya vuli Kilosa mwaka ule.

Halafu lile jina. Picha inawaita kwa neno la Kiingereza linalomaanisha mtu aliyekuja kukutembelea, nami sikuwa na neno jingine ila wageni. Kwa Kiswahili mgeni hakai nje ya mlango ukamchunguza kwanza. Ukishasema mgeni, umeshatandika mkeka, umeshatafuta kuku. Mama mmoja aliitikia palepale, "Mgeni njoo, mwenyeji apone!" na ghala zima likapiga makofi.

Mzee mmoja hakupiga. Alikuwa amekaa benchi la mbele, mikono juu ya mkongojo, mstaafu wa reli, na wote tulimwita babu. Makofi yalipotulia akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mjukuu wangu, hayo wamesema wao, au unasema wewe?"

"Wamesema wao, babu."

Akanitazama kidogo, kisha akarudisha macho kwenye picha.

Tuliendelea mpaka pale wageni wanapopokewa kwenye kiwanda cha kemikali, bendi ya wanafunzi inawapigia muziki, watu wamejipanga kama siku ya sherehe ya taifa. Hapo petroli ikaisha. Mjomba akawasha karabai, akaomba radhi, akatangaza kwamba kesho tutaanzia palepale na waliolipa hawatalipa tena. Watu walitoka wamechangamka. Yule abiria alinishika mkono. "Umetueleza vizuri sana," akasema. "Nikifika nyumbani nitawasimulia." Akajitwisha godoro. Kabla sijalala niliisikia treni ikiingia, ikapumzika, ikapiga honi, ikaondoka kuelekea Dodoma.

Usiku wa pili ghala lilijaa hadi mlangoni. Habari ilikuwa imeenea kwamba kuna picha ya watu wema kutoka mbinguni. Nilisimama na fimbo yangu.

Mambo yakaanza kuharibika taratibu. Wanasayansi, ambao ndio wangeweza kuwachunguza wageni, wakaanza kusingiziwa njama, wakaogopwa na majirani zao. Vijana wakavalishwa sare za marafiki wa wageni. Yote haya niliyatafsiri kwa kusitasita, nikiwa bado nawatetea. Nilisema wanasayansi wale bila shaka walifanya kosa. Kisha mpiga picha anajipenyeza ndani ya chombo kikubwa na kamera yake, anajibanza, anachungulia. Mwanamke mzuri, mmoja wa wakubwa wa wageni, anainua mnyama hai mwenye manyoya, mdogo, mnene kuliko panya. Taya lake linashuka, linazidi kushuka kuliko taya la mtu linavyoweza, anamsukumia mnyama ndani, na shingo inatuna pale anapopita.

Hakuna aliyehitaji kutafsiriwa. Watoto walilia. Dakika chache baadaye mpiga picha anapigana na mgeni mmoja, ngozi ya uso inachanika kama karatasi, na chini yake kuna magamba ya kijani na jicho la mjusi. Walikuwa wamevaa sura zetu. Baadaye inajulikana kwamba kemikali ilikuwa kisingizio. Walifuata maji ya dunia, na watu walikuwa wanahifadhiwa kama nyama ghalani.

Sauti ya kwanza niliyoisikia ilikuwa ya yule mama wa mkekani. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Wewe si ulituambia wameleta dawa?"

Nilitaka kumwambia kwamba nami nilidanganywa. Ilikuwa kweli, lakini si kweli yote. Kamanda alidanganya kuhusu kemikali. Mvua niliileta mimi.

Picha ilipokwisha sikuwafuata wenzangu. Nilibaki nikairudisha kanda mwanzo, nikaitazama peke yangu kabla mjomba hajazima. Palikuwa na maandishi mwanzoni kabisa, ambayo usiku wa kwanza niliyaacha yapite kwa kudhani maandishi ni majina ya waigizaji tu. Niliyasoma sasa. Yalisema kazi ile imetolewa kwa heshima ya ushujaa wa wapiganaji wa upinzani, wa zamani, wa sasa na wa baadaye. Mstari huo mmoja ungetosha kumwambia kila mtu mle ndani kwamba adui yupo. Ulipita mbele ya macho yangu, na mimi ndiye pekee niliyekuwa na uwezo wa kuusoma.

Babu alikuwa amekaa nje juu ya kipande cha reli, ananingojea nimsindikize. Nilimwamkia upya, akaitikia, tukaanza kutembea. Nilidhani atanisema. Badala yake akaniuliza kama shuleni tumeshafika kwa Mangungo.

Tulishafika tangu shule ya msingi. Chifu Mangungo wa Msovero, 1884, Mjerumani Karl Peters, mkataba. Kila mtoto wa Tanzania anaujua, na akikua anatumia jina hilo kumwita mtu aliyeuza mali kwa kutia saini asichokielewa.

"Msovero ndiko kwetu," alisema babu. Si mbali na Kilosa, ukishika njia ya Dumila. "Mnafundishwa kwamba alikuwa mjinga. Haya. Ile karatasi ilikuwa ya Kijerumani. Nani alimsomea?"

Sikujua. Hakuna mwalimu aliyewahi kutuuliza hivyo, wala mtihani.

Jibu nililipata miaka mingi baadaye, nilipoushika mkataba wenyewe katika tafsiri ya Kiingereza. Umeandikwa tarehe 29 Novemba 1884 na unaitwa mkataba wa urafiki wa milele. Chini ya neno hilo urafiki, Mangungo anaitoa nchi yote ya Msovero, kwa nyakati zote, kwa ajili ya ukoloni wa Kijerumani. Peters na wenzake walikuwa wamefika Zanzibar mwanzoni mwa mwezi huohuo, na katika wiki chache walikusanya mikataba 12 ya namna hiyo. Tarehe 27 Februari 1885, siku moja baada ya mkutano wa Berlin wa mataifa ya Ulaya kuhusu Afrika kufungwa, Kaiser, mfalme wa Ujerumani, akawapa hati ya ulinzi. Karatasi ya Msovero inadai pia kwamba Mangungo alisema hajui hata kama Sultani wa Zanzibar yupo. Mtu aliyeishi katika nchi iliyopitwa na misafara ya pwani! Siamini kwamba maneno hayo yalitoka kinywani mwake. Na karibu na mwisho imeandikwa kwamba mkataba huu alielezwa Mangungo kwa uwazi na mkalimani, na mkalimani ametajwa jina: Ramazan.

Nilikaa na jina hilo muda mrefu. Sijui alikuwa nani. Labda alijua kila kitu na akalipwa. Labda alishika nusu, kwa Kijerumani kigumu au kwa Kiswahili kibovu cha mzungu, na wazee walikuwa wamekaa wanamtazama mdomoni, na zawadi ziko pale zimepangwa, naye akaendelea. Mangungo tumembebesha aibu kwa zaidi ya miaka 100 kwa sababu ya maneno aliyoyasikia kwa Ramazan. Mimi siwezi kulitumia tena jina la Mangungo kama tusi, na wanangu nimewakataza.

Lakini usiku ule wa Kilosa nilikuwa bado sijui lolote kuhusu Ramazan. Tulifika kwa babu, nikamfungulia mlango, akaketi kitandani akavua viatu. Nilikuwa nimeshageuka kuondoka aliponiita.

"Yule mwenye godoro. Leo nilimtafuta ndani sikumwona."

"Aliondoka jana, babu. Na treni ya usiku."

"Anakwenda wapi?"

"Uvinza."

Babu alikaa kimya. Viatu vyake viwili alivisogeza chini ya kitanda kwa mguu, kimoja kimoja.

"Unalijua jina lake?"

Sikulijua. Asubuhi yake nilikwenda stesheni hata hivyo, nikasimama jukwaani. Mkuu wa stesheni akaniuliza nasubiri nini, nikamwambia nasubiri treni ya Kigoma. Akaniambia ile ya juzi lazima imeshafika, abiria wote wameshashuka.