Kumtazama mgonjwa Haydom

Safari hii ilianzia kwenye mazoezi ya kwaya. Mama mmoja wa sauti ya pili, Mwiraqw wa kule Mbulu, alitusimulia jinsi alivyomuuguza mama yake miezi miwili katika Hospitali ya Kilutheri ya Haydom. Alisema mtu akilazwa mbali na kwao, kidonda hakimuumi kama inavyomuuma saa ya kuona wagonjwa. Wenzake wote wanapata watu, yeye anageukia ukutani. Jumapili iliyofuata mama mchungaji alisimama mbele ya usharika akauliza nani yuko tayari kwenda. Tulijiandikisha watu ishirini na wawili.

Tuliondoka Arusha saa kumi na moja alfajiri kwa kosta, unga na sukari vikiwa chini ya viti, sabuni na khanga juu ya mapaja yetu. Makuyuni, Mto wa Mbu, kisha gari likaanza kuupanda ukingo wa Bonde la Ufa, Ziwa Manyara likibaki chini, jeupe kama maziwa. Karatu tukaiaga lami.

Kuanzia hapo ni vumbi, lakini nchi ya Mbulu ni nzuri jamani. Vilima vimelimwa hadi kileleni, na sokoni vitunguu saumu vimerundikwa, harufu inakufikia kabla hujashuka garini. Tulinunua mafungu mawili kwa ajili ya jiko la wauguzaji. Baada ya Dongobesh tuliimba tenzi mpaka sauti zikakauka. Kilomita kama 300 zilitumalizia nusu ya siku na zaidi.

Hospitali yenyewe inakushangaza. Umepita mashamba, mbuga na vijiji vya mbali, halafu ghafla unakuta mji mzima uliozaliwa na wodi. Wamisionari wa Kilutheri kutoka Norwei waliifungua mwaka 1955 ikiwa na vitanda 50. Leo vinazidi 400, na iko chini ya Dayosisi ya Mbulu ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT). Waliochagua mahali hapa hawakutafuta barabara nzuri. Walifuata watu waliokuwa mbali na huduma, na ninawaheshimu sana kwa hilo.

Tulipokelewa, tukakabidhi vitu, na hapo simu zikatoka mifukoni. Kila mtu alitaka picha akiwa ameshika katoni ya sabuni. Mama mchungaji akasema kwa upole, "Wanangu, wekeni simu. Mtu aliyelala kitandani hajaomba kupigwa picha." Laiti ningalisikia neno hilo kwenye kila ziara ya kanisa niliyowahi kwenda.

Wodi ya wanaume nilipangiwa mimi na kijana mmoja wa Umoja wa Vijana. Kitanda cha pembeni alilala mzee wa Kidatoga, mguu mmoja umefungwa hogo la plasta hadi pajani, bangili ya shaba mkononi. Nikamwamkia, "Shikamoo mzee." Akanitazama tu. Nikarudia. Akasema maneno ambayo sikuyaelewa hata moja.

Eneo hili lina jambo ambalo ni nadra kulikuta kwingine Afrika, makundi manne ya lugha mahali pamoja: Wairaqw wana asili ya Kikushi, Wadatoga ni Waniloti, Wanyisanzu ni Wabantu, na Wahadzabe wa upande wa Ziwa Eyasi wana lugha yao yenye vidoko, zile sauti za kugonga ulimi mdomoni. Wote wanaugulia chini ya paa moja. Bibi mmoja Mwiraqw aliyekuwa anamuuguza mumewe kitanda cha tatu alikijua Kidatoga. Kiswahili chake kilikuwa kidogo, ila mjukuu wake wa darasa la sita alikuwepo. Basi maneno yakawa yanasafiri: mzee kwa bibi, bibi kwa mjukuu, mjukuu kwangu.

Nilidhani anaomba sala, nikawa nimeshafungua Biblia. Mjukuu akasikiliza, akasita kidogo, akasema, "Anasema kucha za miguu zinamuumiza. Hawezi kujikata, na wanawe wako na ng'ombe."

Nilimwomba ruhusa nesi wa zamu. Akaleta beseni la maji ya uvuguvugu, mkasi na taulo. Nikapiga magoti sakafuni, nikauloweka ule mguu mzima, usio na hogo. Kisigino kilikuwa kimepasuka kama ardhi ya kiangazi, mistari ndani yake ina udongo ambao miezi ya kitandani haikuutoa. Kucha ya kidole gumba ilikuwa nene na imejikunja kuingia nyamani. Nilikata kipande kidogo, nikamtazama usoni, nikakata kingine. Kila Alhamisi Kuu tunasoma habari ya beseni na kitambaa, Yesu akiwaosha wanafunzi wake miguu, na nimeisoma mimbarini zaidi ya mara moja. Sikuwahi kujua kwamba mguu wa mtu mwingine ukiwa mkononi mwako ni mzito kiasi kile.

Mathayo 25 inasema, "nalikuwa mgonjwa, mkaja kunitazama." Haisemi mkaniponya. Miaka mingi nilijipa udhuru kwamba mimi si daktari, sina fedha, udiakonia, huduma ya kanisa kwa wahitaji, una wenyewe. Pale sakafuni udhuru wangu wote uliisha.

Mzee alianza kusimulia. Ng'ombe aliyemwangusha alikuwa dume jeusi, alilikuza mwenyewe. Bibi akacheka, mjukuu akacheka, nami nikacheka mwisho, habari iliponifikia.

Nje honi ikalia, jioni ilikuwa imeingia na dereva hataki giza limkute kwenye makorongo. Nikaukausha mguu, nikainuka. Mzee akasema neno moja, akaonyesha kwa kidevu ncha za vidole zilizochomoza kwenye hogo.

"Anasema huu bado," mjukuu akaniambia.

Mama mchungaji, aliyekuwa amesimama mlangoni, akamtuma yule kijana akamwambie dereva azime gari. Nikalisogeza beseni upande wa pili wa kitanda.