Siku moja ya mtoa tipsi: mbio za kuruka, Sandown, Jumamosi ya Desemba

Waliozoea mbio za Ngong, Nairobi, wanawajua farasi wanaokimbia tambarare bila kuruka chochote. Sandown, kusini-magharibi mwa London, ni mambo mengine. Mbio fupi kabisa za kuruka ni za takriban maili 2, na njiani kuna ama viunzi vyepesi vya kimo cha mita 1 hivi, ama vizuizi vya matawi vinavyofika karibu mita 1.4. Mwisho wake ni mlima. Tipsi (dokezo la farasi wa kubetia) ya hapa inauzwa kwa bei: jina la farasi bila odi, yaani bei inayotolewa na kampuni za kubeti, halimsaidii mtu.

Saa 12 asubuhi (saa za Uingereza). Bado giza. Kabla ya farasi yeyote, tunatazama ardhi. Msimamizi wa uwanja huzunguka njia nzima na kifimbo cha kupimia: anakichoma ardhini, kisha anakilaza hadi nyuzi 45, nacho kinarekodi udongo umekubali kiasi gani na umeng'ang'ania kiasi gani. Hali ya ardhi hutangazwa kwa maneno: nzito, laini, nzuri kuelekea laini, nzuri. Mvua kubwa ya usiku ikishusha uwanja kutoka "nzuri" hadi "laini", nusu ya kazi ya jana inatupwa. Baridi ni mbaya zaidi. Udongo ukiganda chini ya maturubai, mbio zinafutwa, maana mnyama wa karibu kilo 500 akitua kutoka juu anahitaji ardhi inayobonyea.

Saa 2. Kusoma rekodi. Chukua mfano huu: 21F-P3. Inasomwa kushoto kwenda kulia, mbio za karibuni zikiwa mwisho, na kistari kinatenga misimu. Tarakimu ni nafasi aliyomaliza. F ni kuanguka. P ni jokei (mpanda farasi) kumsimamisha farasi kabla ya mwisho. Kungekuwa na U, maana yake jokei alidondoka lakini farasi alibaki wima. Mgeni akiona F anakimbilia jina linalofuata. Fungua video kwanza. Aliyeanguka kizuizi cha mwisho akiongoza, akiwa amechoka, si sawa na aliyeparamia cha kwanza akiwa mbichi. Halafu ile P: tangu Januari 2018 ni lazima itangazwe kama farasi amefanyiwa upasuaji wa njia ya hewa tangu alipokimbia mara ya mwisho. P, kisha upasuaji, kisha 3: huyo sasa anapumua, na huenda soko bado linamhukumu kwa P.

Kwenye handikapu, farasi bora hubebeshwa uzito zaidi. Kwa mazoea, ratili moja (karibu nusu kilo) huhesabiwa kama urefu wa farasi mmoja katika maili 3. Jokei chipukizi hupunguziwa ratili 3, 5 au 7, lakini punguzo hilo lina faida pale tu kijana anapojua kumtuliza farasi kabla ya kuruka.

Saa 4. Kupanga bei zetu kabla ya kutazama za wengine. Kila farasi anapewa asilimia ya uwezekano wa kushinda, na jumla lazima iwe 100. Mwenye asilimia 20 bei yake halali ni 4/1 (faida ya 4 kwa kila 1 unayoweka), ambayo kwenye simu ya mbetiji wa Dar au Nairobi husomeka 5.00. Ukijumlisha asilimia za bei za kampuni za kubeti utakuta 115 au 118. Hiyo ziada ndiyo chakula chao. Tukikuta 6/1 kwa farasi tuliyempa 4/1, tipsi inatoka, ikiwa na bei na saa. Dau ni pointi 1, yaani asilimia 1 ya mtaji.

Saa 6 mchana. Wanaojitoa. Hapa ndipo mikeka huchanika bila farasi hata kukimbia. Farasi wa 2/1 akijitoa baada ya wewe kumbetia mwingine katika mbio hizo, faida yako inakatwa asilimia 30: pauni 10 kwa 5/1 ingeleta faida ya 50, sasa ni 35. Mbaya zaidi ni mbio za farasi wanane. Beti ya kushinda-na-nafasi hulipa nafasi tatu wakianza wanane, lakini wakibaki saba inalipa mbili tu. Wa tatu wako amegeuka hewa. Kwa hiyo mbio za wanane kamili, uwanja ukiwa unabadilika, tunaziogopa.

Saa 7 hadi saa 9 alasiri. Mbio zenyewe. Nyuma ya uwanja kuna vizuizi vitatu vilivyosongamana sambamba na reli ya treni. Tazama masikio na bega la farasi anapokifikia cha kwanza. Hatua zikikubali anaruka kwa mbali, anatua akikimbia, na vile viwili vinavyofuata vinamjia vyenyewe. Akisogea karibu mno anafunga breki, anapanda wimawima na kutua amekufa mwendo. Cha pili kinamkuta hajajipanga, cha tatu anakigonga. Hapo amepoteza nafasi tatu, na kilima cha mwisho hakimrudishii.

Halafu jua. Desemba liko chini sana, na likiwapiga farasi machoni wasimamizi huondoa vizuizi vya upande huo. Tipsi iliyojengwa juu ya mrukaji hodari inabomoka, na mrukaji mbovu mwenye mbio anapata zawadi.

Saa 12 jioni. Hesabu. Kila tipsi inaandikwa na bei tuliyotoa na bei ya kuanzia (ile iliyopo mbio zinapoanza). Farasi wa 9/2 aliyeanza kwa 3/1 akamaliza wa nne: beti nzuri, kwa kuwa tulipata bei kubwa kuliko ya kuanzia. Wa 5/2 aliyeshinda ila akaanza kwa 4/1: pesa imeingia, lakini mstari wake unapigwa nyekundu, kwa sababu bei hiyo ilikuwa ikisubiri hadi dakika ya mwisho na sisi tulikimbilia ndogo. Kisha video inarudishwa hadi kizuizi cha kwanza cha reli, mwendo wa polepole.